Mara Thelathini

Heiki amezilaza mbili juu ya kitambaa cheusi,
zote ndogo, zote zatosha mfuko wa koti,
bei zimepishana kwa yuro kumi na mbili.
"Hii," asema, "kihisi chake kipana, lenzi fupi.
Hunywa mwanga kama mchanga unywavyo maji.
Ile kihisi chake ni ukucha wa mtoto,
lakini huvuta mara thelathini.
Vyote viwili kwa pamoja, mama, mfukoni haviingii."

Nimekagua vitambaa miaka thelathini na mmoja,
kiwanda cha pamba, zamu ya alfajiri.
Uzi uliokatika nauona kabla taa haijatulia.
Usinifundishe ubora, kijana.

Ile ya kwanza nikaielekeza kwenye mkono wake.
Loo! Kila unywele umesimama kivyake,
kovu la kisu, vumbi chini ya kucha,
na pindo la sweta, fundo kwa fundo,
nikazihesabu bila kutaka.
Hiyo ndiyo picha. Hapo sina la kukagua.

Ya pili nikaomba kuijaribu nje.
Akabaki na kitambulisho changu kama amana,
akanipa dakika ishirini na betri nusu.

Ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa tano
mimi husimama ukutani huku Narva,
dada yangu Taisia husimama kule ng'ambo.
Kati yetu mto, upana wa kutupa jiwe
kwa mtu aliyekuwa kijana.
Daraja lipo. Karatasi zake ndizo hazipo.
Kwa macho matupu yeye ni nukta ya buluu.
Hupunga, hupunga, kisha kila mtu kwake, supu jikoni,
na simu mchana:
"Nilikuona."
"Nami nilikuona."
Hakuna aliyemwona mwenzake.

Nikavuta. Lenzi ikatoka kama shingo ya kobe.
Mara kumi: koti.
Mara ishirini: kilemba cha sufu, nilikifuma mimi.
Mara thelathini, na mkono wangu ukitetemeka,
ukingo mzima wa mto ukayumba ndani ya kioo.
Nikaegemeza kiwiko kwenye jiwe, nikazuia pumzi,
nikabonyeza.

Picha mbaya. Nasema kama mkaguzi: mbaya.
Chenga tupu, televisheni ya zamani siku ya mvua.
Uso umekuwa uji, macho madoa mawili,
buluu ya koti imevuja mpaka kwenye theluji.
Kitambaa cha namna hii ningekitia alama ya chaki
kikaenda kupangusia mashine.

Ila katikati ya chenga
palikuwa na mstari mmoja mnyoofu, mweusi,
kutoka kiganjani mwake mpaka chini.
Nikakuza. Nikakuza tena, ukazidi kuharibika,
ukazidi kuwa fimbo.

Tangu Alhamisi gani?
Simuni hunipa habari za kabichi,
za jirani anayejifunza tarumbeta,
za dawa ya paka ilivyopanda bei.
Goti hajalitaja.

Heiki aliitazama akaniomba radhi
kana kwamba kihisi kile alikizaa yeye.
"Mawingu, mama. Siku ya jua itakuwa nafuu.
Ngoja niifute."
"Usiguse," nikamwambia, kwa sauti
ambayo kiwandani ilisimamisha mitambo.

Nililipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Ile nzuri niliitupia jicho la mwisho,
kama hariri dukani, ukijua huna pa kuivalia.

Saa nane nikapiga simu.
"Nilikuona," akasema Taisia.
"Nami. Vaa viatu vyenye meno. Barabara inateleza."

Akanyamaza.
Nikamsikia paka wake, nikasikia kiti,
halafu kitu cha mti, chembamba,
kikiegemezwa polepole ukutani.